Mtufaha wa Maman Marie-Claire

Jumamosi, 9 Machi 2013

Upepo wa jana umeangusha mtufaha wa Maman Marie-Claire. Mti mzima umelala katikati ya bustani, pale pale ambapo hema la mahari ya binti yake Océane linatakiwa kusimama Jumamosi ijayo. Wanawake wa kwaya wanasikitika. Mimi nimefurahi. Mungu anisamehe.

Niandike vizuri ili nikizeeka nikumbuke. Maman Marie-Claire ni mjane, mtu wa Kivu, anakaa hapa hapa Evere, Ubelgiji, vituo viwili vya basi kutoka kwangu. Mimi Kalenga, mtoto wa Likasi huko Katanga, mpanga barua katika ofisi moja, sina mke. Kwa miaka miwili kanisani nimekaa nyuma yake nikisoma maua ya kitambaa chake badala ya kitabu cha nyimbo. Shemeji zake wote wako Uvira. Siku ya mahari hana mwanaume wa kusimama na kusema kwa niaba ya familia. Leo, baada ya mazoezi ya kwaya, amesema atakayeondoa ule mti kabla ya Jumamosi atakuwa mtu wa nyumba.

Mtu wa nyumba! Nimeelewa. Ni kiti cha msemaji, mkono wake wa kuume. Na baada ya kiti hicho, viti vingine.

Nikasema haraka kwamba Likasi nilifanya kazi ya kukata miti kwa msumeno wa cheni. Ukweli ni kwamba mjomba aliuza makala, yaani mkaa, na mimi nilikaa juu ya magunia ili yasianguke kwenye lori. Lakini makala hutoka kwenye miti.

Sylvestre akainua kidole. Huyu ni mfamasia wa barabara ya chaussée d'Ixelles, mtu wa Bukavu, mashati yamepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Akasema yeye ana msumeno, tena ana kibanda msituni huko Ardennes. Maman Marie-Claire akamtazama, akanitazama. "Bon, Papa Kalenga njo alisema wa kwanza."

Imekula kwa Sylvestre.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada Maman Marie-Claire ameniita pembeni na kunipa bidon, dumu zima la mawese. Amesema mama yake mwenyewe aliyakamua huko Baraka, yakasafiri ndani ya sanduku la mtu, yamefungwa kwa pagne tatu za kitenge. Ati nimekonda, nile. Nimeshukuru. Sylvestre hakupewa hata kijiko, nimehakikisha.

Bidon nzito. Nimeiweka chini ya sinki. Sasa tufikirie mambo ya maana: sina msumeno.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata msumeno! Monsieur Florent wa chini, mzee Mbelgiji mwenye goti bovu, ana wa umeme tangu alipokuwa na shamba. Amenikabidhi na hotuba. Cheni ikazwe, lakini iweze kuvutwa kwa vidole. Meno yanolewe kwa tupa ya mviringo. Bapa, yaani kile chuma kirefu ambacho cheni huzunguka juu yake, ligeuzwe mara kwa mara lisilike upande mmoja. Na mafuta, mafuta, mafuta. Bila mafuta cheni inajichoma yenyewe. Nimeitikia kila neno. Sijui mzee huyu ananiona mimi mtoto?

Cheni yake imechakaa, kwa hiyo nimekwenda dukani kununua mpya. Muuzaji akaniuliza hatua ya cheni, upana wa mfereji wa bapa, na idadi ya meno ya chini yanayoingia kwenye mfereji. Namba tatu! Mtu anaomba cheni, anafanyiwa mtihani. Namba zenyewe zimeandikwa kwenye bapa, anasema. Bapa liko nyumbani. Sikutaka kurudi na kuonekana mjinga, basi nikanyoosha mikono nikamwonyesha urefu.

Nimefika nyumbani. Cheni inaning'inia chini ya bapa kama mkufu wa bibi harusi. Nimeitundika ukutani. Tutanoa ile ya zamani.

Jumanne, 12 Machi

Theluji. Mwezi wa tatu, theluji! Basi hazitembei, ofisi wametuambia tubaki nyumbani. Nikasema vizuri, siku ya kunoa.

Sylvestre amenipigia simu, namba yangu sijui kaipata wapi. Ametaka kujua naendeleaje. Kisha akaanza kuniandikia dawa: tupa ya mviringo, milimita quatre, yaani nne, kila jino lipigwe mara sawa na mwenzake, ukisukuma kwenda mbele tu, usirudi nyuma. Meno ya kulia yakiwa makali kuliko ya kushoto, msumeno utakata kwa kupinda. Ameniambia hayo polepole kabisa, kana kwamba ni syrup ya mtoto. Amesema akipenda Mungu ataniazima tupa yake.

Nimekataa kwa adabu. Kwetu tulinoa vyuma kabla famasia haijabuniwa. Ninayo tupa ya pembe tatu niliyokuja nayo kutoka Likasi, ya kunolea panga. Nimekaa kwenye kizingiti cha dirisha nikanoa. Meno ya kulia yanang'aa. Ya kushoto yalikuwa upande usiofaa kwa mgongo wangu, nimeyapapasa tu.

Jumatano, 13 Machi

Asubuhi Monsieur Florent amenishauri kulaza cheni ndani ya mafuta usiku kucha, ili yaingie kwenye kila kiungo. Lazima yawe mafuta ya cheni, amesema, mazito, yanayonata, yasirushwe cheni ikizunguka.

Mazito. Yanayonata. Nimesimama jikoni nikifikiri. Kwenda dukani tena, kwa yule mwenye mitihani, sitaki. Ndipo macho yangu yakaangukia chini ya sinki.

Nani asiyejua mawese? Mjomba aliyapaka kila kitu: bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, ekseli ya mkokoteni. Likasi nzima hakuna kilichokwama. Wazungu wanatengeneza kiwandani kitu ambacho mama wa Maman Marie-Claire anakamua kwa mkono! Tena fikiria heshima yake: mti wa nyumba yake unakatwa kwa mafuta ya ukoo wake. Siku ya mahari nitalisema hilo kwenye hotuba. Watu watalia.

Mawese yalikuwa yameganda ndani ya bidon kama sabuni. Nimeitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya moto, yakalainika. Nimejaza tangi la msumeno. Yaliyobaki nimeyamimina yote kwenye beseni na kulaza cheni humo. Nyumba inanukia vizuri. Nimekula mkate na jibini.

Alhamisi, 14 Machi

Leo jaribio. Nimefuata maelekezo ya Monsieur Florent: washa msumeno, elekeza ncha ya bapa kwenye kitu cheupe, usiguse. Mafuta yakifika, utaona mstari. Nimefanyia bafuni, heater imewashwa, kartoni nyeupe ndani ya beseni la kuogea.

Mstari huo! Rangi ya chungwa, mnyoofu, mzuri. Ulipita kwenye kartoni, ukapanda pazia la bafu, ukamalizikia kwenye dari. Nimesimama nikiutazama kwa furaha. Nimempigia Sylvestre ili nimjulishe tu. Akaniuliza natumia mafuta gani. Nikamjibu kwamba ni siri ya Katanga.

Ijumaa, 15 Machi

Niandike upesi, kabla sijaamua kutoandika.

Nimebeba msumeno kwenye caddie, kigari cha kununulia mboga, nikatembea kwa miguu kwa sababu dereva wa basi alichungulia ndani akanifungia mlango. Baridi kali, sikio linauma. Bustanini theluji bado ipo. Nikapanga waya, nikavaa miwani, wanawake wa kwaya wakatoka jikoni kunitazama. Océane akanisifu, "Tonton, uko chic." Nimepiga picha hiyo moyoni, maana ndiyo ya mwisho nzuri.

Nikabonyeza. Msumeno ukalia. Ukaingia kwenye gome, ukapinda kulia, mimi nikaelekea nao kulia. Kukata kwenyewe ni kama kumega ugali kwa kijiko cha plastiki, vumbi tupu. Nikaukandamiza. Moshi. Nikadhani ni mti. Nikakandamiza zaidi.

Ndipo harufu ikaja. Jamani, harufu ile! Kama sufuria ya sombe, yaani kisamvu, Jumapili nyumbani. Mmoja wa kwaya akauliza nani ameacha chakula motoni. Maman Marie-Claire akatoka na mwiko mkononi, akanusa, akaangalia jikoni, akanusa tena, akaja moja kwa moja kwangu. Wakati huo cheni ilikuwa imekwama kabisa, na bapa limebadilika rangi, bluu.

Akaniuliza nini kinanuka mawese hivi. Nikamwambia ni mafuta ya mashine. Akafungua kifuniko cha tangi mwenyewe. Ndani yalikuwa yameganda, manjano, magumu, hayakuteremka hata tone. Akachota kwa kidole, akaonja.

Hakupiga kelele. Angalau angepiga kelele.

"Hii ni ya mama," akasema.

Nikamweleza habari ya heshima, ukoo, mti. Akasubiri nimalize. "Mama iko na miaka quatre-vingt-un. Alikamua na mikono yake, njo uliweka mu machine. Donc wewe hata kuonja, hapana?"

Themanini na moja! Nikasema hapana. Akaniuliza kiasi gani kimebaki. Nikamwambia kuhusu beseni na cheni. Akafuta kidole kwenye aproni na kurudi ndani. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu utoto.

Sylvestre akafika bila kuitwa, au ameitwa, sijui. Msumeno wake, tupa zake kwenye mfuko wake, bapa safi, na chupa ya mafuta aliyoibandika karatasi kwa mwandiko wake: *matumizi ya nje tu*. Akapima cheni kwa vidole, akamwaga mafuta, akakata. Mtufaha ukawa vipande kabla chai haijapoa. Akaniomba nimsaidie kubeba. Nimebeba.

Jumamosi, 16 Machi

Mahari. Hema limesimama vizuri sana pale ulipokuwa mti. Sylvestre ameketi kwenye kiti cha msemaji akasema maneno mengi, mengine ya Kifaransa cha vitabu. Mimi niliwekwa nje kwenye jiko la brasero, nichome kuku. Moshi umenipa kikohozi. Kuni zilikuwa za mtufaha. Hata mti huo umenisimanga.

Kisha likatokea jambo. Mwanamke mrefu akashuka kwenye gari, amevaa pagne ya samawati, akaingia hemani na kuketi karibu kabisa na Sylvestre. Nikamuuliza Océane ni nani. Akaniambia ni Maman Hadassa, mke wa Tonton Sylvestre, ni muuguzi Liège, wikendi nyingi yuko zamu.

Mke! Nilijua ana pete. Nilidhani ni urembo.

Kwa hiyo wiki nzima nilikuwa nashindana na mtu ambaye hayuko kwenye mashindano. Nimegeuza kuku mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jioni, watu wakiondoka, Maman Marie-Claire akanijia pale kwenye moshi. Nilikuwa nakohoa. Nikaanza kuomba msamaha, nikakohoa katikati. Akatoa chupa kwenye mkoba wake. Asali ya Masisi, amesema, dada yake alimletea Krismasi, haikufunguliwa.

"Kijiko moja asubuyi, moja mangaribi. Na dimanche ijayo ukuje kula kwangu, uniambie utamu yake iko namna gani." Jumapili, kwake! Akanikazia macho. "Na kinywa, Papa Kalenga. Hapana na machine."

Kisha akacheka. Kidogo, lakini alicheka. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikisahau kwamba basi zinatembea.

Jumapili, 17 Machi

Nimeamka na furaha. Kikohozi kimepungua chenyewe.

Nimemrudishia Monsieur Florent msumeno. Hakukasirika, ila alinusa bapa mara mbili na kusema njaa imemshika. Bapa la kubadilisha analo kabatini, lakini lilikaa muda mrefu, kile kigurudumu kidogo kwenye ncha yake kinalia na kugoma. Kinahitaji grisi, amesema, kitu kizito, kinachonata. Amenipa nikipake mwenyewe, kisha niuchukue tena msumeno nikipenda.

Nikipenda! Nimepita kwa Maman Marie-Claire nikaona kisiki bado kiko, kimechongoka, Sylvestre hakukigusa. Mtu na tupa zake zote ameacha kisiki! Mimi nitakiondoa. Jumapili ijayo, kabla ya chakula, mbele ya macho yake, na cheni isiyopiga hata mluzi.

Kizito. Kinachonata. Nimefikiri sana juu ya jambo hili, safari hii bila haraka. Mawese yalikosea kwa sababu ni mafuta, na mafuta huganda. Asali si mafuta.

Alisema hapana na machine, na neno lake naliheshimu. Lakini kigurudumu si mashine. Ni kigurudumu.

Nimeweka chupa juu ya radiator ya chumbani ilainike.