Niliwaonya Majini, Nikamsahau Mama Aline

Leo uso sina, jamani. Hata kushuka ngazi tena naogopa.

Mnajua nasomea sheria za Uingereza kwa njia ya posta (niko huku Bellevue, Johannesburg, Uingereza yenyewe sijaikanyaga). Kesho nina mtihani wa jinai. Na jana niligombana na Mama Aline, jirani yangu Mrundi wa chumba cha chini, kisa kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia mbele ya ua mzima: "Ukigusa tena shuka zangu nitakumwagia maji!" Na ndiye aliyenipikia uji nilipougua. Mdomo wangu huu!

Jioni hii nasoma: ukimtishia mtu akahofia kupigwa papo hapo, hilo ni shambulio hata kama hujamgusa. Papo hapo! Nikashusha pumzi. Tisho langu lilikuwa la siku nyingine, kwa hiyo sina kosa. (Hakimu mimi, wakili mimi.)

Nikainuka kuosha samaki. Sinki imeziba, basi maji huwa namwaga kutoka ngazi za nyuma. Magharibi ilishaingia, na kwetu Mombasa saa hiyo humwagi maji bila kuwatahadharisha wasioonekana. Nikasema "Bismillahi," nikamwaga beseni zima.

"Mungu wangu weee!"

Mama Aline! Kitenge cha kanisani, magamba kichwani, mkononi sahani ya isombe, kile kisamvu chao ninachokipenda. Sasa kinaelea kwenye maji ya samaki.

"Sikukusudia, dada! Wallahi sikukusudia!"

"Jana si uliahidi?"

Eish. Majirani wote madirishani. Nami, badala ya kuomba radhi, nikaanza kufundisha: hata bila kusudi mtu ana kosa, ikiwa alijua anaweza kumpata mwenzake na bado akathubutu...

"Ile bismillahi ulikuwa unamwambia nani?"

"Majini... wasije wakalowa."

"Kwa hiyo ulijua huku chini kunaweza kuwa na mtu. Majini umewaonea huruma, mimi nikakosa hata kuitwa?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akaiweka sahani kwenye ngazi, akasema taratibu, "Nilikuwa naileta tusameheane," akaingia kwake.

Najuta, jamani. Nimebisha hodi kwake mpaka vidole vinauma. Hajafungua.

Kesho wakiniuliza tofauti ya kusudi na kutojali, jibu ninalo, na linanuka samaki. Asicheke mtu.