Darasa Zima Ni Mimi

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo,

YAH: OMBI LA KUPATIWA MWANAFUNZI WA PILI, HATA ASIYE NA AKILI SANA

Shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu, na ukimaliza kuhusika naomba unihurumie pia, maana maji yamenifika shingoni na aliye karibu yangu wa kunivuta hayupo.

Mimi ni mwanafunzi wa Kilatini cha Juu, Sarufi na Tafsiri, chumba cha mwisho ghorofa ya tatu, kile ambacho mlango wake hufunguliwa kwa bega. Naandika nikiwa na akili timamu, ingawa mama yangu ana shaka. Najua kwamba kwa utaratibu malalamiko ya wanafunzi hupitia kwanza kwa kiongozi wa darasa. Kiongozi wetu hapatikani, kwa sababu nitakayoieleza katika kipengele cha tatu. Ndiyo maana nimekuja kwako moja kwa moja, na naomba usinione nimekosa adabu.

Tulipoanza tulikuwa wengi wa kutosha kuazimana kalamu. Mmoja akahamia uuguzi. Mapacha wakaenda uhasibu bila kuaga. Mwingine aliposwa, na mchumba akamtaka achague kati yake na kamusi; alifikiri wiki nzima, Mheshimiwa, hata sisi tukapata matumaini. Mwisho nikabaki na kijana mmoja mrefu mwenye mwavuli wa kijani. Asubuhi moja tulikuwa katikati ya sentensi ya wakili fulani wa kale, anayemtetea mtu aliyeshtakiwa kuiba sanamu ya jirani yake. Sentensi hiyo inaanzia ukurasa huu na kuishia ule, vishazi vimebebana mgongoni, na kitenzi chake, kama ilivyo desturi ya lugha hiyo, kinakuja mwisho kabisa kama mgeni rasmi: viti vimepangwa, watu wamekaa, jua linawaka, naye hajafika. Tukihangaika, Mwalimu hutuambia, "Subiri, kinakuja." Yule kijana akasimama, akasema, "Nakuja," kama asemavyo kila mtu anayekwenda zake, akatoka kwenda msalani.

Hiyo ilikuwa muhula uliopita. Mwavuli wake bado umetundikwa nyuma ya mlango. Mwalimu ni mtu anayeamini maneno ya watu, kwa hiyo kila asubuhi anamwita kwenye mahudhurio, anasubiri kidogo, kisha anaandika kwamba yupo msalani. Sisi, yaani mimi, tunamwita Nakuja.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Naulizwa kila swali. Mwalimu anashikilia kwamba chuo kikuu si sokoni, mtu ainue mkono kwanza. Nainua. Anatazama kushoto, anatazama kulia, anatazama mstari wa nyuma, kisha anasema, "Mwingine? Tusimsikie mtu mmoja kila siku." Tunamtafuta huyo mwingine. Nahamia kiti cha jirani, nainua tena, ndipo anaposema, "Haya, wewe hapo." Tangu muhula uanze sijawahi kutazama dirishani. Wenzangu wa vitivo vingine wananisimulia raha hiyo: mwenzako anahenyeshwa na swali, wewe macho yako nje, unawaza chakula cha mchana. Mimi raha hiyo naisikia kwa watu. Hiki ndicho kilio changu kikubwa, na mengine yote ni watoto wake.

2. Matokeo. Muhula uliopita nilikuwa wa pili. Nilipouliza wa kwanza ni nani, Mwalimu alisema nafasi ya kwanza huachwa wazi kwa heshima ya waliokuwa wakiizungumza lugha yenyewe. Baba yangu ni kinyozi. Aliwatangazia wateja kwamba binti yake amekuwa wa pili chuo kikuu. Mteja mmoja, amepakwa povu hadi masikioni, akauliza ni wa pili kati ya wangapi. Baba akamwambia atulie asije akakatwa. Chini ya ripoti Mwalimu aliandika kwamba darasa limelegea lakini wapo wanaojitahidi. Mpaka leo nachunguza niko upande gani. Halafu nilipokosea jambo lile lile katika mazoezi mawili, alituita ofisini, akataka kujua nani alimnakili nani. Nilikana. Alinisamehe pande zote mbili, ila nilitoka pale sijiamini.

3. Uchaguzi. Kanuni za chuo zinataka kila darasa liwe na kiongozi. Kura ilikuwa ya siri, hivyo Mwalimu akageukia ukutani. Wagombea tulikuwa mimi na Nakuja. Mtu mwenye malezi hajipigii kura mwenyewe, nikampigia Nakuja kwa adabu tu, nikitegemea naye atakuwa na adabu. Akashinda kwa kura zote zilizopigwa. Mwalimu alimpongeza akiutazama mwavuli. Tangu siku hiyo nikitaka kutoka kidogo naambiwa nikaombe ruhusa kwa kiongozi wangu, na kiongozi wangu, kwa mujibu wa mahudhurio, yuko huko huko ninakotaka kwenda.

4. Majadiliano ya vikundi. Kundi A lilipewa kuthibitisha kwamba wakili anamwonea huruma mteja wake, na Kundi B kwamba anajionea huruma mwenyewe. Niliyawakilisha yote mawili, nikihama viti. Kundi B likashinda. Sikuongea na mtu siku nzima.

5. Mtihani. Msimamizi aliletwa kutoka Jiografia. Akanikalisha nyuma kabisa, akapita katikati ya mistari ya viti vitupu, mikono mgongoni, akionya kwamba asione mtu anamchungulia jirani. Alipotangaza kwamba muda unakaribia kwisha alipaza sauti ili walio mbele wasikie. Mwishoni alikusanya karatasi, akaihesabu, akakunja uso, akaihesabu tena.

6. Ugonjwa. Niliposhikwa na homa, Mwalimu alitangaza kwamba darasa zima linaumwa, akaja nyumbani na chaki yake. Mama akamkaribisha sebuleni. Mimi nimejifunika blanketi, yeye anasoma kwa sauti, na pembeni wamekaa Mama na shangazi yangu, ambaye ni mshonaji. Walipoelezwa habari ya sanamu wakanasa. Sasa kila jioni nikirudi, kabla hata ya kunipa pole, Mama anauliza, "Yule kijana wa watu wameshamwachia?" Namjibu kwamba bado tuko sentensi ile ile. Shangazi anasema huyo kaiba tu, kwani asiye na hatia hatetewi kwa maneno mengi namna hiyo. Mama anasema Shangazi amezoea kuwaonea wanyonge. Wamenuniana hadi wananituma mimi wakitaka kuombana chumvi. Nyumba nzima inasubiri kitenzi, na wa kukileta ni mimi peke yangu.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na wala hawakuwa wamepewa sarufi ya Kilatini. Kwa hayo yote naomba nipatiwe mwanafunzi wa pili. Sina makuu. Asiwe na akili sana. Awe anachelewa mara mojamoja, akaripiwe, nami nimsikitikie. Kule Uchumi wamejaa hadi wanakaa kwenye madirisha, vitu ambavyo wengine hatupati hata nafasi ya kuvitazama; mmoja wao akipotelea upande wetu hakuna atakayejua. Uchumi wakigoma, nimemwona tarishi wa ofisi yako akisinzia kwenye benchi, na kusinzia kule kungetufaa sana mstari wa nyuma. Tarishi naye akikosekana, Shangazi amekubali kutuazima sanamu yake ya kupimia magauni, mradi irudi kabla ya Jumamosi na isiulizwe maswali magumu. Na hilo likishindikana, basi niandikishwe mara mbili, na mmoja wetu aruhusiwe kufeli.

Nasisitiza kwamba simlalamikii Mwalimu mwenyewe. Lugha ile anaijua kama njia ya kwao. Siku niliyosoma ukurasa wa kwanza wote bila kugusa kamusi, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Subiri," kisha akaivua tena, akaifuta. Siku hiyo nilifika nyumbani kwa miguu, nikasahau kwamba huwa napanda basi. Lakini hayo hayamo katika malalamiko yangu na sijui kwa nini nimeyaandika.

Nisalimie katibu muhtasi wako, tarishi, akiamka, ndugu zetu wote wa Uchumi pamoja na madirisha yao, na yule msimamizi wa Jiografia mwambie asikose usingizi, karatasi ilikuwa moja tu.

Ni mimi mtiifu wako, kwa idadi yangu yote,

Darasa Zima,
Kilatini cha Juu.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii ilikuwa tayari ndani ya bahasha asubuhi ya leo, niilete ofisini kwako baada ya kipindi. Mvua ikaanza kunyesha. Mlango ukasukumwa kwa bega, akaingia Nakuja.

Alifuata mwavuli wake tu, na mkono ulikuwa umeshaushika. Mwalimu hakuinua hata macho. Akamwambia, "Tuko mstari wa nane. Kaa." Akakaa. Akaulizwa swali, yeye, mimi nikaachwa. Nikajiambia leo ndiyo leo, nikageukia dirishani. Nje kuna tangi la maji, Mheshimiwa, na nyuma yake kuna tangi jingine.

Nyuma yangu nasikia Nakuja anatafsiri hovyo, mwizi amekuwa jirani, sanamu imekuwa wakili, na Mwalimu anacheka. Mwalimu, ambaye mimi sijawahi kuyaona meno yake. Nilishikwa na wivu, nasema wazi. Wakawa wanasogea neno kwa neno kuelekea mwisho wa ile sentensi, na kitenzi nikakiona kinakuja, kile kile tulichokisubiri tangu muhula uliopita, mimi na Mwalimu, sisi wawili. Nikainua mkono. Niliuinua mpaka nikasimama. Mwalimu akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mstari wa nyuma. Akasema, "Mwingine? Tusimsikie mtu mmoja kila siku." Akamchagua Nakuja, ambaye mikono yake yote ilikuwa mfukoni.

Nakuja akakisia, akapatia. Kitenzi chenyewe kumbe ni "nitafupisha". Nyumbani sijui nitawaambia nini.

Nikaomba ruhusa nitoke nikanawe uso. Nikaambiwa nimwombe kiongozi wa darasa. Akakataa, akasema watu wakitoka huwa hawarudi.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba vipengele vyote sita vifutwe, kuanzia kile cha dirisha, na huyu bwana ahamishiwe Uchumi leo hii, hata kama mvua haijakatika. Mwavuli wake ubaki. Tumeuzoea.