Tabia za Papa Florent na Simu ya Marthe

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu

Papa Florent amesema anayetaka kuandika hadithi aandike kila siku, hata mistari mitano, hata akiwa na homa. Njo tabia ya kwanza hiyo. Haya. Naanza.

Mimi naitwa Émérence, mutaani wananiita Koko, yaani bibi. Sijakanyaga darasa. Baba alilipa minerval, ada ya shule, ya kaka zangu, mimi akanipa jembe. Herufi nilijifunza juzi juzi tu, kwenye mafundisho ya wamama pale parokia, nikiwa na miaka sitini na tano. Kaka zangu walisoma mpaka juu na hawajaandika kitu.

Sasa niko kwenye kikundi cha hadithi. Tuko watu tisa, Papa Florent njo mwalimu. Redio ya muji itasoma hadithi moja, Jumapili tarehe 16. Papa Norbert, muzee aliyefanya kazi kwenye biro ya reli, anaamini itakuwa ya kwake. Anaandika juu ya komiseri wa polisi wa Bruxelles anayekunywa divai. Papa Norbert mwenyewe akivuka tu mto Lukuga anaugua. Leo amesema mbele ya wote kwamba wamama wa samaki waachiwe sala na mapishi.

Nitamupita. Hata kama ni kitu cha mwisho nafanya duniani.

Jumanne, tarehe 4

Tabia ya pili: sikiliza watu wanavyosema, uandike vile vile. Nimeficha kaye, daftari langu, chini ya beseni ya samaki wa mikebuka na nimeandika asubuhi yote. Kaye inanuka. Kurasa mbili zimeshikana kwa magamba.

Marthe ameniuliza naandika nini. Tunauza samaki meza moja, mwaka wa thelathini huu. Nimesema ni sala. Amesema Mungu hawezi kusoma mwandiko ule, hata akiita malaika wawili wamusaidie. Nimemuambia na yeye meno yake yamebaki mawili, na yenyewe hayasalimiani. Wateja wamecheka mpaka wakanunua samaki zaidi.

Njo tunavyoishi. Ukoo wake na wetu ni watani tangu mababu. Mutani anakutukana mbele ya watu na hukasiriki, unamurudishia. Siku ukifa, yeye njo anazuia jeneza pale kwenye shimo, anakutukana mara ya mwisho, na hakuna anayekuzika mpaka amalize. Mimi sina dada. Mume amekufa. Watoto wako Lubumbashi, wananikumbuka Noeli. Marthe njo muntu wangu. Tumepatana zamani: atakayebaki atasema juu ya mwenzake. Nikimukosa yeye, nitazikwa kimya kama mbuzi.

Jumatano, tarehe 5

Leo ni Majivu, Kwaresima imeanza. Padri amesema kila mukristo aache kitu kimoja mpaka Pasaka. Nimeacha kusengenya.

Kwa mudomo. Jioni nimeandika kurasa tatu juu ya wake wa avenyu yetu. Moyo umekuwa mwepesi.

Ijumaa, tarehe 7

Tabia ya tatu: andika kile ambacho wengine wanapita bila kukiona. Nimefikiri siku mbili. Ninacho.

Kila Ijumaa saa kumi, soko likijaa, Marthe anatoa simu kwenye kitenge na kuongea na mutoto wake Jean-Luc, aliyevuka ziwa kwenda Kigoma miaka sita iliyopita. Anaongea kwa nguvu, soko lote lisikie. Jean-Luc amepata kazi. Jean-Luc amenenepa. Jean-Luc anakuja Noeli. Anamugombeza, anacheka, anakata.

Simu haina betri. Miaka miwili iliyopita ilianguka kwenye beseni yangu ikafunguka. Ndani hamna kitu, pengo tu. Niliifunga, nikaipanguza, nikamurudishia. Sikumuambia muntu. Hata padri.

Leo nimeiandika. Maneno yalikuja yenyewe, kama yalikuwa yamepanga foleni. Jina nimebadilisha: Marthe amekuwa Martine. Mikebuka imekuwa ndagala. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, tarehe 8

Tabia ya nne: mupe muntu asome kwanza, na ukubali kukata. Nimemupa Papa Norbert, makusudi, aumie. Ameanza kusoma amesimama. Katikati amekaa. Amemaliza, amesema samaki ni wengi mno.

Nimekata samaki wawili.

Papa Florent ameniita pembeni akauliza kama huyo mama mwenyewe amekubali. Nimeshangaa. Nimemuambia ni mutani wangu, mutani haombwi ruhusa. Papa Florent alizaliwa mbali, utani wa huku haujui vizuri. Amekuna kichwa, amekwenda zake. Wasomi ndivyo walivyo, woga mwingi.

Jumatano, tarehe 12

Wamechagua. Ni yangu! Papa Norbert amenipa mukono kama anayeshika samaki wa juzi. Nimewaambia majirani nyumba kwa nyumba, hata wale tusiosalimiana.

Nyumba moja nimeiruka. Siogopi, ni utani tu. Lakini jioni nimefika kwa Marthe, nikamuambia redio yake inakwaruza, nitaipeleka kwa fundi. Amenishukuru. Amesema kumbe hata mchawi ana siku yake ya huruma. Redio iko chini ya kitanda changu, imefunikwa na kitenge.

Hilo jambo limekwisha.

Jumapili, tarehe 16

Sikufikiria redio za wengine.

Saa nane muchana nyumba sita za avenyu zilifungua redio, sauti mpaka mwisho, kwa sababu Koko wao anasomwa. Njo mimi niliwaambia wafungue. Marthe alikuwa uani kwake anakwangua samaki. Kati yetu kuna ua wa matete tu, namuona, ananiona.

Muntu wa redio anajua kazi. Alipofika kwenye simu akaiga sauti ya kizee: Jean-Luc, mutoto wangu, unakula vizuri?

Jean-Luc. Marthe nilimubadilisha. Samaki niliwabadilisha. Mutoto nilimusahau.

Avenyu nzima ilicheka. Mimi nilisimama kwenye matete nikingoja Marthe anirudishie. Nilitaka tusi kubwa, la kunilaza chini, la kufanya watu wacheke upya na mimi niwe wa kuchekwa. Alinawa mikono. Alifunika samaki. Aliingia ndani akafunga mulango, muchana kweupe.

Jumatatu, tarehe 17

Marthe amehamisha beseni yake upande wa wauza unga. Meza imekuwa kubwa kama uwanja.

Wanawake wawili wamemufuata kule kumuuliza kama Jean-Luc hajambo na kama simu ina chaji. Nimewafukuza na kisu cha samaki mpaka kwa wauza mawese. Nimewaambia anayemucheka Marthe nitamukwangua magamba akiwa hai. Mumoja ni mteja wangu wa miaka yote. Amenitazama tu, akasema: lakini Koko, si wewe umetuchekesha?

Nimerudi kwenye meza.

Jioni Papa Norbert amepita kunipongeza. Amevua kofia. Amesema kweli nina kipaji. Angenitemea mate ningelala vizuri zaidi.

Jumatano, tarehe 19

Nimekwenda. Nimebeba redio yake, na mikebuka minne, ile minene. Nimepiga hodi mara tatu. Hakunikaribisha, lakini aliacha mulango wazi, nikakaa chini karibu na jiko.

Nimeomba musamaha. Nimesema ilikuwa utani. Amesema utani ni uso kwa uso. Mutani anamutukana mwenzake akiwa na mudomo wake hapa hapa wa kujibu. Mimi nimemutia kwenye kisanduku kinachosema peke yake, halafu hata kisanduku cha kwake, redio hii, nikakichukua. Sasa angemujibu nani?

Kisha amesema alijua kwamba najua. Tangu siku ile simu ilianguka. Amesema niliipanguza vizuri mno; muntu ambaye hajaona kitu hapanguzi vile. Kila Ijumaa aliweza kuongea kwa sababu kulikuwa na muntu mumoja pembeni anayejua na anaendelea kupanga samaki. Pale ndipo mutoto wake alikuwa hai, kati ya meza yetu na kelele ya soko. Sasa akiitoa simu ile, watu watamuona mwenda wazimu.

Nimelia. Yeye hakulia. Ameniambia kile hajaambia muntu, hata mume wake kabla hajafa. Mutumbwi wa injini aliopanda Jean-Luc haukufika ng'ambo. Alijua tangu juma la kwanza. Wavuvi wa kijiji cha Mpala walimuletea kiatu kimoja, akakizika mwenyewe nyuma ya choo alfajiri, bila mutani, bila wimbo. Walipomuuliza kama ni cha mutoto wake, alisema hapana, lakini alibaki nacho.

Nimemuuliza kama siku yangu ikifika bado atasema pale kwenye shimo. Amesema atasema, na watu wabebe chakula, maana hawatarudi nyumbani mapema. Nimecheka, na makamasi yananitoka. Kesho atarudisha beseni kwenye meza yetu.

Ameniomba kitu kimoja tu: haya ya leo yasitoke kwenye nyumba ile. Nimemushika mikono yote miwili. Nimekubali, na nilikubali kwa moyo wangu wote, Mungu ameona.

Nimerudi kwa njia ndefu, ile ya nyuma ya kanisa. Sikusalimia muntu, nikiogopa maneno ya Marthe yasije yakanipotea. Papa Florent nimemukuta njiani, amesema redio itachukua hadithi nyingine kuisoma siku ya Pasaka. Nimemuitikia kwa kichwa tu, mudomo ulikuwa umejaa.

Nimejaza kurasa saba za hadithi mpya kabla maji ya kusonga bukari hayajachemka. Sijawahi kuandika vizuri hivi.