Kutegesha Ndani ya Kompyuta

Jumatatu, 2 Julai 2012
Mokami, mjukuu wangu, umenisusa tangu mavuno. Natta ni hapo Serengeti tu, si Ulaya! Hao watalii hawajui kujimiminia chai? Basi naandika humu daftarini, ukija ujisomee. Herufi nimejifunza kwenye mifuko ya mbolea, usinicheke.

Kompyuta ya kibanda changu cha picha imerukwa na akili. Ikilala ikaamka, picha zinaharibika. Na Jumamosi Nikodemo, mwenyekiti wa wachimbaji wadogo, anataka picha za vitambulisho za kundi zima. Nikikosea, kazi zote anampelekea Felista wa ng'ambo ya barabara. Felista! Anayekata watu masikio pichani.

Jumanne, 3 Julai
Maftah, fundi wa Tarime mjini, kaichungulia. Ndani kuna programu ndogo ya kiwandani inayoamsha mashine. Yangu mbovu: kila ikiamsha, inakanyaga mwanzo wa kumbukumbu na kuandika upuuzi. Nikasema ifukuzwe. Haifukuziki, anasema, bila hiyo mashine haiwaki. Basi mfumo endeshi, ule msimamizi wa mashine nzima, haugombani nayo. Kauagiza uuache ule ukanda wa mwanzoni mwa kumbukumbu mtupu, sifuri tupu, asiweke mtu kitu. Mfumo unapitapita kuchungulia. Ukikuta sifuri zimevurugwa, unaandika taarifa.

Nimeelewa. Ni ng'ombe wa jirani yangu Heche. Hawafundishiki, nami sipandi mahindi kwenye njia yao. Picha sasa zinatoka nzima, na wachimbaji nimeshawapiga wote.

Jumatano, 4 Julai
Ukanda mtupu! Hapa Kewanja! Watu wakisikia mgodi unataka eneo, wanategesha: leo migomba, kesho kibanda, wanangoja fidia. Mimi niache eneo bure? Ukanda ufunguliwe, picha ziingie, programu ikanyage, mfumo uandike taarifa, na Dullah aliyeniuzia anifidie mashine mpya.

Maftah kakataa. Pale si shamba, anasema, na mfumo hautachagua, utaweka hata picha za Nikodemo. Kijana amekonda huyo, mama yake anampa nini? Nikamwekea ugali wa mtama na nyama. Akiwa na tonge mdomoni nikamwomba tena. Kafungua.

Ijumaa, 6 Julai
Mashine ililala nilipokwenda kuteka maji. Kuamka, wachimbaji wote wana mistari ya kijani. Nikafurahi! Nikamwita Maftah anisomee taarifa. Hakuna. Mfumo hulinda ukanda ukiwa mtupu tu. Ukijaa vitu vya watu, haujui kipi halali na kipi cha yule mkorofi. Dullah anataka ushahidi. Mjinga yule. Nimempelekea ndizi, mkewe kajifungua.

Kwenye kamera picha nilishazifuta.

Jumamosi, 7 Julai
Nikodemo kaishika picha yake, kaigeuza, kaigeuza tena.

"Bibi, jicho langu la pili liko wapi?"

"Lipo hapo chini ya kidevu, mwanangu. Halijapotea."

Hakucheka. Kavuka barabara kwenda kwa Felista, kundi zima nyuma yake. Niliwapa uji kwanza. Mtu hapigwi picha na njaa.

Jumapili, 8 Julai
Maftah kaufunga ukanda. Mashine nzima, wateja hakuna. Nimewaza kanisani mahubiri yote. Kutegesha hakukuwa kosa. Kosa ni mbegu: nilipanda sura za watu wanaojipenda. Maftah nitamchinjia kuku, atafungua tena. Na wewe Mokami, ukija, uje na zile picha zako zote ulizotoka vibaya.