Kisu Changu Kilichozuiliwa Jikoni kwa Mama Mkwe

Kipkosgei Kemboi,
Duka la Dawa za Mifugo,
Kitale.

Kwa Mzee Eliakim Makokha,
Msemaji wa Familia,
Misikhu, Bungoma.

Mzee wangu mheshimiwa,

KUH: KURUDISHWA KWA KISU CHA KIJANI

Pokea salamu kutoka Kitale, ambako mahindi yamefika magotini na binti yenu Nabwile hajambo, isipokuwa anacheka kila nikikaa kuandika barua hii. Nakuandikia wewe kwa sababu baba mkwe alipotutoka, wewe ndiwe uliyebaki mdomo wa familia hiyo, na ni wewe uliyesimama siku ya mahari ukasema kwamba mkwe akiwa na neno asilimeze, alilete kwako. Mzee, neno ninalo. Nimelimeza tangu Desemba na limekataa kushuka.

Kwanza nijieleze, maana najua huko mnaniita "yule wa visu" na kuna mama mmoja wa kwaya ambaye huvuka barabara akiniona. Mimi hukusanya visu. Si visu vya mboga. Ni visu vya kujinusuru vya mtindo wa kijeshi, vile ambavyo mtu akipotea msituni anaweza kukatia kuni, kuchunia sungura na kutafutia njia, na ambavyo viwanda vimeacha kuvitengeneza. Neno kubwa hapo ni kuacha. Kisu ambacho bado kinatengenezwa hakinihusu. Mimi si mwanajeshi, si jambazi, na msituni sijawahi kupotea. Hata shamba la mahindi naogopa kulivuka giza likiingia. Pasta wetu ameviona visu vyote na akaniombea.

Hicho cha kijani ndicho cha mwisho wa aina yake. Mpini wake una uwazi ndani, juu una kifuniko chenye dira, na mgongo wa kisu una meno ya msumeno. Nilikitafuta miaka mingi, hadi Kagwe, anayeuza mitumba ya vifaa vya kambi hapa Kitale, akakiokota ndani ya robota kikiwa kwenye sanduku lake, hakijawahi kukata hata uzi. Alinikabidhi asubuhi ileile tuliyokuwa tunakuja kwenu na ng'ombe. Nikakiweka ndani ya gari, chini ya kiti. Shida ilianzia hapo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisu kilichukuliwa bila mimi kuulizwa, tena saa ambayo singeweza kuulizwa. Unakumbuka nilivyokaa siku hiyo. Mliniambia kwamba mkwe hatembeitembei, hainui macho, wala haongei mpaka aongeleshwe, nami mtoto wa Mlima Elgon nikaamua kwamba nitaishika desturi yenu kuliko nyinyi wenyewe. Nikatulia kwenye kochi, macho kwenye kitambaa cha meza. Dirishani nikamsikia shemeji Phelista akisema, "Hii kisu ya jikoni ni kama kijiko. Hebu niangalie kwa gari ya wageni." Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Nilisikia sanduku likipasuliwa. Kisha nikasikia jogoo akinyamaza. Wewe ulikuwa kando yangu, ukaniuliza mbona natokwa na jasho, nikakujibu kwamba ni furaha.

2. Kisu kimetumika. Lalamiko hili watu wengi hawalielewi, Nabwile akiwa wa kwanza, kwa hivyo nitalieleza taratibu. Thamani ya kisu cha mkusanyaji ni kwamba kinaweza kukata kila kitu na hakijakata chochote. Siku kikikata, kimekuwa kisu tu kama visu vingine. Tangu Desemba, kilipobaki jikoni kwa Mama mkwe, cha kijani kimekata jogoo, kabichi, mche wa sabuni, miwa, kamba ya ndama aliyejinyonga kidogo, na mguu wa kiti kilichokuwa kikiyumba. Habari hizi huletwa na Nabwile kila akitoka huko, na huniletea wakati wa kula, nikiwa na tonge mdomoni.

3. Mpini umegeuzwa ghala. Humo ndani mlikuwa na njiti za kibiriti zisizolowa, ndoana na uzi wake, na sindano, vyote kama vilivyotoka kiwandani. Njiti ziliwashia jiko siku ya mvua. Ndoana imetundika kalenda ya kanisa. Sasa mpini umejaa mbegu za mboga ya managu, ati kwa sababu panya hajui kufungua kifuniko cha kuzungusha. Kuhusu dira, nimeambiwa kwamba Mama hukizungusha kisu juu ya meza akawaonyesha majirani jinsi mshale unavyorudi upande uleule, halafu anawaambia, "Mnaona? Inaangalia Kitale. Inajua mahali mtoto wangu aliolewa." Nilitaka kumtumia ujumbe kwamba dira huelekea kaskazini kwa mtu yeyote, hata asiye na mtoto Kitale. Sikuutuma, na siku hiyo nilikuwa na furaha mpaka jioni bila kujua ni ya nini. Lakini lalamiko libaki limeandikwa.

4. Nilijaribu njia ya amani ikanirudia. Nilinunua visu vipya vya jikoni, vizuri, vya mpini mweusi, nikavituma kwa mkono wa Nabwile, nikitumaini kwamba Mama akivishika hivyo, cha kijani kitapumzika. Mzee, wewe unaingia kwenye nyumba ile na umejionea. Viko sebuleni kwenye kabati la vioo, juu ya kitambaa cha kufuma, karibu na vikombe vya harusi yake. Amekataza mtu yeyote kuvigusa kwa kuwa vimetoka kwa mkwe. Kwa hivyo visu vya kabichi viko kabatini, na kisu cha kabatini kiko kwenye kabichi. Wakusanyaji wa visu katika familia hii sasa tumekuwa wawili, na mwenzangu ananishinda kwa kutunza.

5. Kisu kinaazimwa. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mazishi hayaanzi, harusi haianzi, mpaka mtu apite kwa Mama kukichukua. Jirani yenu Nekoye alikiomba kwa harusi ya binti yake, na picha ikasambaa: bwana na bibi harusi wamekishika pamoja juu ya keki, krimu imefika hadi kwenye meno ya msumeno. Picha hiyo ikamfikia Ndirangu wa Nakuru, mkusanyaji mwenzangu, ambaye kwa muda mrefu amekuwa akisema kwamba cha kijani sina, najisifu tu. Akaniandikia, "Kemboi, si hii ndio kisu ulisema iko kwa sanduku? Mbona iko kwa keki?" Mwisho wa mwezi anakuja Kitale kuviona visu vyangu vyote vimepangwa pamoja. Cha kijani kisipokuwepo, nitakuwa mwongo mbele ya kundi letu zima la wakusanyaji, na mtu wa umri wangu akishaitwa mwongo wa visu, hata dawa ya kupe hanunuliwi.

6. Njia zote za kukidai zimefungwa na heshima. Wewe unaijua sheria kuliko mimi. Mimi na Mama hatupeani mikono, hatuongei ana kwa ana, jina lake silitaji, na jikoni kwake sikanyagi. Nilimtuma Nabwile akanijibu, "Hiyo kisu ni ya mama sasa. Kama unaitaka, mwambie mwenyewe," huku akijua kwamba siwezi. Nilimtuma Phelista akasema, "Si ununue ingine, bana." Nikamweleza kwamba hakitengenezwi tena. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Kwani ilikuwa mbaya?" Tangu siku hiyo sijamtuma mtu.

Kwa kuwa mambo yamefika hapo, naomba familia ichague moja kati ya masuluhisho yafuatayo, niliyoyapima kwa makini.

Suluhisho la kwanza ni wewe mwenyewe uingie jikoni ukichukue. Nasikia hata wewe huliogopa jiko lile kukiwa na sufuria motoni, kwa hivyo silitilii mkazo.

La pili, familia ikae na kutangaza kwamba jikoni, kwa alasiri moja, ni sebule. Sufuria zitolewe nje na makochi yaingizwe. Sebuleni mkwe anaruhusiwa.

La tatu, ikiwa jikoni lazima pabaki jikoni, basi mimi nisiwe mkwe. Naomba ndoa yangu na Nabwile ivunjwe kwa heshima baada ya chakula cha mchana. Nitaingia kama mtu baki, nimsalimu Mama kwa mkono kama jirani mwingine, nichukue kisu, nitoke, na tuoane tena kabla ya chai ya jioni. Ng'ombe wasihamishwe, maana hawana makosa na safari ni ndefu. Nabwile amesoma aya hii juu ya bega langu na ameniomba niandike kwamba anaunga mkono suluhisho la tatu, isipokuwa ile sehemu ya jioni.

La nne, mnipokee kama mtoto wenu wa kuzaliwa. Mtoto huingia jikoni kwa mama yake, hufunua sufuria, na hakuna anayemuuliza. Najua kwamba hapo Nabwile atakuwa dada yangu. Nimelifikiria jambo hilo na naona ni vigumu, lakini si vigumu kama kumweleza Ndirangu habari ya keki.

Nisalimie Phelista, ingawa hastahili. Nisalimie Nekoye na maarusi, na keki nasikia ilikuwa tamu. Wasalimie wazee wote mliokaa nami siku ile, na yule ndama aliyekatwa kamba. Kwa Mama salamu zangu zipite kwako, zifike kwa heshima, ukiwa umesimama mlangoni.

Ni mimi mkwe wenu, ninayeinamisha macho hata nikiwa naandika,

Kipkosgei Kemboi

Nyongeza: Mzee, barua hii kwanza sikuiposti. Jumapili niliamua kuileta kwa mkono, saa ambayo nilijua nyote mko kanisani, niisukume chini ya mlango wako na kuondoka. Njia ikanipitisha kwa Mama. Boma lilikuwa kimya, dirisha la jikoni liko wazi, na kisu kiko kwenye rafu, nakiona. Nikajiambia kwamba desturi inamkataza mkwe kuingia jikoni, lakini haijasema neno kuhusu mkono wa mkwe. Mkono ukaingia, haukufika. Nikaongeza bega, nikaongeza kichwa, na hapo koti likanaswa na ule waya wa kuku uliopigiliwa dirishani, ambao ulikuwa umeachia upande mmoja. Mbele sikuweza kwenda, wala nyuma kurudi.

Mama hakuwa kanisani. Goti lilikuwa likimsumbua, akabaki nyuma ya nyumba akichambua maharagwe. Nilisikia ungo ukiwekwa chini. Kisha mlango wa jikoni ukafunguliwa, nami nikafumba macho nikayakaza. Alichukua kisu kwenye rafu, akatoka, akazunguka hadi nyuma yangu, na huko heshima ilihifadhika, kwa sababu uso wangu ulikuwa ndani na yeye alikuwa nje. Akaanza kukata waya. Yale meno ya msumeno nimewasifia watu miaka yote, lakini sikuwa nimewahi kuyasikia yakifanya kazi. Yanakata, Mzee. Yalimaliza waya, yakaingia kwenye koti, na ngozi yangu hayakuigusa hata kidogo.

Nilipokuwa huru, bado nimeangalia ukuta, akasema nyuma yangu, "Mkwe, si ungesema tu." Ni maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia tangu nimwoe binti yake. Akakiweka kisu kwenye nyasi, akarudi kwa maharagwe yake ili nikichukue bila kuonekana.

Nilikishika. Kilikuwa safi, kimenolewa, kimepakwa mafuta kidogo ya kupikia, na kina makali ambayo hakuna kisu changu hata kimoja kilicho nayo. Nilikaa nacho pale kwenye nyasi kwa muda, nikiwa na koti lisilo na mgongo, na nikaona haya. Nikainuka, nikakirudisha dirishani. Nikasema kwa sauti, nikiielekeza kwenye mgomba, "Kaa nacho, Mama." Upande wa pili wa nyumba maharagwe yakaacha kuanguka kwenye ungo. Baadaye akauliza, naye nadhani aliuelekea mgomba uleule, kama ninacho kingine. Ana dada yake huko Malakisi ambaye anakatia tumbaku kipande cha panga.

Naituma barua kama ilivyo, kwa sababu Nekoye alikuwa hajaenda kanisani pia, aliona kila kitu juu ya ua, na ni afadhali uwe umesikia upande wangu kwanza. Masuluhisho yote manne yafute. Ndirangu nitamleta Misikhu aje akione kisu mahali kilipo. Yeye hajaoa kwenu, jikoni ataingia.

Kifurushi kilichofungwa pamoja na barua hii ni cha yule dada wa Malakisi. Nacho pia hakitengenezwi tena. Mpelekee mwenyewe, kishike kwa uangalifu, na umwambie aanze kukitumia siku hiyohiyo.