Radhi Mbili na Samaki Mmoja

Jumatatu, 3 Oktoba 1966
Naomba radhi kwa mwandiko huu. Naandika kwa haraka. Jana kanisa letu lilikaribia kupasuka! Chanzo: ngoma. Bwana Okello wa reli, kiongozi wa kwaya, aliipiga kwa moyo wote. Mzee Kipyego akasimama katikati ya wimbo na kutangaza kwamba tangu ngoma hiyo iletwe, ng'ombe wake wanazuia maziwa. (Tunasali katika banda la zamani la kukatia kondoo manyoya, kwenye shamba tulilonunua pamoja kwa Mzungu aliyerudi kwao. Malisho ya Kipyego yanafika dirishani.) Okello akajibu kwamba mmoja wa ng'ombe hao huitikia amina kabla Mchungaji hajamaliza sala. Vicheko upande mmoja. Upande wa pili, miguno.

Jumapili ijayo Kipyego atawahamishia watu wake kwenye darasa la shule. Okello atawapeleka wake kwenye nyumba za reli. Nami niende wapi? Tangu mke wangu, marehemu Chepkorir, aniache, Jumapili ndiyo siku pekee ninaposikia sauti isiyo yangu wala ya kuku.

Jumanne, 4 Oktoba
Mchungaji Kituyi ashauri tuombe na kungoja. Kwa heshima zote, kungoja kunachelewa.

Nina mpango. Kila mmoja yu tayari kusamehe; hakuna aliye tayari kuomba msamaha. Basi nitawaombea mimi. Si uongo. Ni radhi iliyomtangulia mwenyewe njiani.

Jumatano, 5 Oktoba
Nimemfikia Kipyego. Nilimweleza kwamba Bwana Okello anajuta sana. Nikaongeza machozi kidogo. Kama ushahidi, nikatoa samaki mkavu, chakula cha kwao Okello, niliyemnunua sokoni mjini. Kipyego alimtazama kama mtu anayetazama nyoka, akauliza huyo analiwa kuanzia upande gani. Sikujua. Nilisema mkiani. Hata hivyo, aliguswa!

Alhamisi, 6 Oktoba
Kwa Okello. Nilimfikishia majuto ya Mzee Kipyego kwa Kiswahili fasaha kuliko ambavyo Kipyego mwenyewe angeweza. (Anisamehe.) Nikamkabidhi kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwetu, kutoka kwa ng'ombe wangu. Okello aliona weusi wa mkaa ndani ya maziwa, akauliza kama majivu hayo ni sehemu ya radhi au Mzee bado ana kinyongo. Nilieleza kwamba ni desturi. Alikunywa akiwa amefumba macho. Akasema atasamehe hadharani.

Nimelala vyema. Sifa kwa Bwana, na kidogo kwangu.

Jumapili, 9 Oktoba
Ole wangu!

Pande zote mbili zilikuja bandani, na Okello alisimama wa kwanza. Alisema kwa upole kwamba kwaya imewasamehe ndugu zetu wenye ng'ombe. Kipyego akaruka, akafoka: Msamehe nani? Nyinyi ndio mlioomba, na samaki mkaleta! Okello akauliza, samaki gani, Mzee, wakati ni wewe uliyeniletea maziwa ya majivu ili unilainishe? Kipyego akasema hajawahi kumlainisha mtu yeyote, hata mkewe. Mama Jepkemboi, mkewe, akathibitisha kwa sauti.

Kisha wakageuka. Banda zima likanigeukia.

Nilisimama nikaomba radhi. Safari hii yangu mwenyewe. Mama Adero, mke wa Okello, akaanza kucheka. Akashika mbavu. Jepkemboi naye. Muda si muda hata Mchungaji alikuwa amejificha nyuma ya Biblia, mabega yakimtikisika.

Kamati ikakaa papo hapo. Adhabu: benchi la nyuma, mwezi mzima. Kipyego alipendekeza, Okello akaunga mkono. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu tununue shamba! Wakiwa bado wanakubaliana, wakaamua kwamba ng'ombe watashushwa mtoni kila Jumapili, na ngoma ibaki. Hakuna anayehama.

Benchi la nyuma liko mlangoni, na upepo wa hapa kwetu Timboroa hauna adabu. Lakini kutoka pale nilisikia sauti zote. Zote!

Jumatatu, 10 Oktoba
Nimetubu kabisa. Sitabeba tena maneno ya mtu.

Jumanne, 11 Oktoba
Habari ya kusikitisha. Jepkemboi na Adero hawasalimiani. Ni chai ya kanisa. Jepkemboi huchemsha maziwa na maji pamoja. Adero asema hiyo ni uji. Jepkemboi ajibu kwamba chai ya Adero ni maji ya kuoshea vikombe. Kila mmoja ametishia kuja na sufuria yake!

Nimetafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Sasa naliona waziwazi. Kosa lilikuwa yule samaki.

Leo jioni nimemweleza Mama Adero jinsi Mama Jepkemboi anavyojuta. Kesho asubuhi nitampelekea Mama Jepkemboi majuto ya Mama Adero. Nitapeleka sukari.