Meza ya Kumrudisha Mama Watoto

Jumapili, tarehe 8 Juni

Mke wangu amepiga simu. Jumamosi mkwe wetu atakuwa na nafasi, atamleta kwa pikapu, waje kuangalia mambo ya cherehani yake. Kuangalia! Mtu haji kuangalia cherehani kwa pikapu. Anakuja kuihamisha. Na cherehani ikishatoka humu ndani, ndiyo basi, hana tena cha kurudia.

Alikwenda kwa binti yetu kumsaidia na mtoto mchanga. Mtoto mchanga sasa anapanda viti. Sijamwuliza mke wangu atarudi lini. Aliondoka kwa miguu yake, atarudi kwa miguu yake. Mimi si mtu wa kubembeleza. Akaniuliza kama ninakula. Nikamwambia nakula sana. Akaniuliza kama sina la kumwambia. Nikasema mtandao si mzuri. Tukanyamaza wote wawili, na mtandao ulikuwa mzuri mno, hadi nikamsikia mjukuu akiburuta viatu vya watu sakafuni.

Nilipokata simu nikapata wazo! Miaka nenda miaka rudi amelilia meza ya kukatia vitambaa. Pana, laini juu, ya kusimamia. Amekata nguo za watu akiwa amepiga magoti sakafuni hadi kiuno kikagoma. Basi nitaitengeneza. Ataingia Jumamosi, ataiona, atabaki. Na mimi sitamwomba hata neno moja. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Miguu ya meza tayari. Nimeitoa kwenye kitanda cha zamani cha binti yetu na kuiunga kwa vipande vya mbao. Urefu nimeupima mwenyewe: nikasimama wima, usawa wa kiuno changu, nikatia alama. Safi sana.

Kilichobaki ni uso wa meza. Nilikuwa mtunza stoo hadi nilipostaafu, hakuna wa kunidanganya mambo ya vitu. Nikaenda kwa muuza mbao. Akanitajia bei ya mbao ngumu. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanishauri nichukue plaiwudi mbili nyembamba, nizigandishe kwa gundi, zitakuwa nene na hazitapinda. Nafuu kuliko hiyo, akasema, hakuna. Nikamwambia nafuu naijua mimi.

Nyuma ya banda lake palikuwa na ubao wa chipbodi, ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa. Umechafuka, kuku wameugeuza choo. Lakini ukubwa wenyewe kabisa! Nikamwuliza bei. Akasema niuchukue tu. Akaanza kunieleza jambo kuhusu maji, lakini mimi nilikuwa nimeshajitwika kichwani naondoka, asije akabadili nia.

Nimeusugua kwa maji na sabuni, ndoo baada ya ndoo, nikaulaza uani ukauke. Unang'aa. Leo hata usingizi utakuwa mtamu.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Lo! Ubao umevimba. Kingo zimeumuka kama unga uliotiwa hamira. Nikaubonyeza katikati, kidole kikaingia.

Sikufa moyo. Nikauweka juu ya matofali mawili, nikaukalia ili unyooke, chai mkononi. Asubuhi nzima nimekaa pale kama kuku anayeatamia. Mara ukakatika. Mimi chini, chai kwenye suruali.

Baba Pacha akachungulia juu ya ukuta. Huyu ni jirani yetu, nyumba yake na yangu zimegawana ukuta. Akaniuliza kama nimeanguka. Nikamwambia napumzika. Akaniuliza kama napumzikia tope siku zote. Nikamwambia afya ni ya kwangu.

Baba Pacha ana mke, ana watoto mapacha, ana randa, ana kila kitu. Mke wangu aliwahi kuisifu rafu aliyoitengeneza. Rafu! Mbao tatu na misumari! Akaisifu mbele yangu, na chai akamwongezea. Sijasahau.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nyuma ya ghala la saruji wanatupa paleti, zile fremu za mbao za kupangia mizigo. Mbao tupu, bure, zinaoza. Nikamdanganya mlinzi kwamba nataka kuni. Akanisaidia hadi kunifungia mzigo kwenye baiskeli, akanipa pole kwa kukosa gesi. Watu wengine ni wepesi kudanganywa.

Nimezing'oa, nimezipanga, nimezipigilia. Kumbe hakuna ubao unaolingana na mwenzake! Mmoja umepanda, mmoja umeshuka. Zinahitaji randa. Niende kumwazima randa Baba Pacha? Thubutu! Nikashika msasa. Nimesugua mpaka mkono ukawa si wangu.

Jioni nikafanya jaribio. Kitambaa kinatakiwa kiteleze juu ya meza bila kushika. Nikachukua shati langu jeupe, lile nililopanga kulivaa Jumamosi, nikalivuta juu ya mbao. Halikuteleza. Likashikwa na vibanzi upande huu, nikavuta, likashikwa upande ule. Nikavuta kwa hasira. Sasa nina shati lenye madirisha.

Nimejitoa vibanzi mkononi peke yangu. Mkono wa kulia nilimudu. Vya mkono wa kushoto navyo nilimudu. Kimoja kiko nyuma ya kiwiko, mahali ambapo lazima mtu mwingine akitoe. Kimebaki humo.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Baba Pacha amekuja kupiga hodi. Nilijua tu! Amesikia nyundo, wivu umemjaa. Akasema ana plaiwudi nene, safi, imebaki alipowatengenezea mapacha kitanda, imeegemea tu ukutani kwake. Niichukue. Sitoi kitu. Tena nikale nao chakula cha jioni, halafu tuifunge wote wawili, kazi ya saa moja.

Nikaiona hila yake pale pale. Mke wangu akija, atauliza uso wa meza umetoka wapi. Halafu? Itakuwa meza ya Baba Pacha! Miguu yangu, sifa zake! Nikamshukuru, nikamwambia nimeshaagiza mbao kutoka mbali. Akaniuliza mbali wapi. Nikamwambia mbali sana. Akaniangalia, akasema chakula kipo hata bila plaiwudi. Nikamwambia nimeshiba.

Sikuwa nimeshiba. Nilikuwa sijapika.

Nimesogeza kiti changu karibu na ukuta, nipeleleze wanasema nini juu yangu. Hawakusema kitu juu yangu. Mapacha waligombania kijiko, mama yao akawafokea, kisha wote wakacheka sijui nini. Nikapeleleza hadi wakanyamaza. Ni vizuri kumjua adui.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Siku imebaki moja, na leo nimegundua nimekuwa nikizunguka mji mzima kutafuta kitu nilichokuwa nacho ndani. Mlango! Mlango wa chumba cha kulala! Bapa, laini, umepakwa vanishi, upana ule ule, urefu ule ule. Bisibisi, bawaba tatu, mlango huo chini. Sijalipa hata senti. Muuza mbao na nafuu yake wakalale!

Kile chumba sikitumii. Tangu mke wangu aondoke nalala kwenye kochi sebuleni, maana televisheni iko karibu. Si kwa sababu nyingine.

Nikaulaza juu ya miguu. Ukakaa kama uliozaliwa hapo. Nikapigilia msumari wa kwanza. Nyundo ikapita! Ikazama hadi mpini! Salaale, kumbe mlango mtupu! Juu ubao mwembamba kama ganda la yai, ndani makaratasi magumu yaliyokunjwa kunjwa. Miaka yote hii tumelala nyuma ya boksi.

Nikapiga moyo konde. Tundu nimelijaza magazeti, nimelipiga gundi, na juu ya meza nzima nimetandika plastiki yenye maua, nikaivuta vizuri na kuibana pembeni. Huwezi kujua. Nimesimama mlangoni, yaani pale palipokuwa na mlango, nikaitazama kwa mbali. Meza nzuri kweli. Nikaizoea hadi nikaiaga nilipokwenda kulala.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Wamekuja. Niandike kwa mpangilio, maana mengi yamekwenda vizuri.

Nilijitia hamnazo tangu mwanzo. Nilikuwa nimekaa nasoma gazeti, lile lililobaki baada ya kuziba tundu. Mkwe wangu akaniamkia kwa heshima, kisha akasema ana shida kidogo na tairi, akabaki nje. Mke wangu akaingia. Amenenepa kidogo, imempendeza. Sikumwambia, nisije nikaonyesha udhaifu. Alikuwa na begi lile kubwa. Nikampokea. Zito hilo! Limejaa pomoni hadi zipu inalia. Nilishangaa, mtu anakuja kuchukua vitu na begi ambalo limeshajaa. Nikaliweka karibu na mlango wa nje ili lisimsumbue wakati wa kuondoka.

Akaiona meza. Akasimama. Akaniuliza kama nimeitengeneza mimi. Nikamwambia ndiyo, kwa mikono hii. Akaipapasa plastiki ile taratibu, mwanzo hadi mwisho. Machozi yakamlengalenga! Moyoni nikasema, mchezo umekwisha. Halafu akasogea, akajifanya anakata kitambaa kwa mkasi, na meza ikamfika kifuani. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni mfupi. Nikamwambia atazoea.

Akageuka, akaona chumba hakina mlango. Akauliza mlango uko wapi. Nikamwonyesha, kwa fahari, kwamba anaupapasa. Akasema nimeng'oa mlango wa chumba chake. Nikamweleza kwamba chumba chenyewe hakina mtu. Akaondoa mkono mezani. Sijui kwa nini, maana nilisema ukweli mtupu.

Ili kumchangamsha nikaichomoa cherehani kwenye stendi yake, chuma kitupu, nikaiweka juu ya meza aone uimara. Krr! Upande mmoja ukazama! Cherehani ikainama pale kama imelala kidogo, magazeti yanachungulia. Na mke wangu akacheka! Akacheka akashika tumbo, akakaa kwenye kochi langu, akafuta macho, akanivuta mkono akisema mimi sitabadilika kamwe. Hapo akaona kiwiko. Akanitoa kile kibanzi kwa kucha, mara moja tu, akapuliza. Nilitamani vingebaki viwili vitatu.

Lakini kuchekwa si jambo dogo. Nikajikaza. Nikakohoa, nikamwelezea kuhusu milango mitupu, chipbodi na maji, paleti na vibanzi, na kwa nini plaiwudi ni bora ikigandishwa mbili mbili. Nilieleza vizuri sana. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama sina lingine la kumwambia. Nikafikiri. Nikamwongezea habari za gundi.

Akaniuliza taratibu, akiangalia chini, kama nataka aichukue cherehani au aiache. Hapo ndipo nilipokuwa nikimsubiri! Alitaka nimwombe! Nikamjibu kwa hekima, nikamwambia ni kama atakavyoona mwenyewe.

Akainuka kochini. Kisha akamwita mkwe.

Begi nimembebea mwenyewe hadi kwenye pikapu. Asije akasema sina adabu.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nyumba imekuwa pana ghafla. Pale ilipokuwa cherehani pana alama nne za miguu ya stendi sakafuni. Nimezipiga deki, hazitoki.

Binti yetu amepiga simu. Akaniuliza, kwa sauti ambayo sikumfundisha mimi, kama kweli mama yake alikuja na nguo zake zote na mimi nikamrudishia kwenye gari. Nikamwambia begi lilikuwa zito, nisingeweza kumwachia mwanamke alibebe. Akasema mama yake hajala tangu jana. Akasema nimwambie mama neno moja tu, yuko hapo pembeni, simu anampa. Nikasikia anapumua. Nilimjua ni yeye. Nikaona nianze na jambo jepesi, nikamwuliza kama angependa uso wa meza uwe wa vigae au wa mbao. Simu ikakatika. Mtandao huu!

Nimekaa nikatafakari sana nilipokosea, na nimepaona. Ni ule mlango. Mwepesi mno. Mtu hawezi kuacha maisha ya kwa binti yake kwa ajili ya boksi. Cherehani isingezama, asingecheka; asingecheka, nisingeudhika; leo hii angekuwa hapa anakata nguo. Kila kitu ni uso wa meza.

Mchana Baba Pacha amepiga hodi. Kupitia ufa wa dirisha nikamwona ameshika bakuli lililofunikwa, na mapacha wote wawili nyuma yake. Nikajibana kimya nyuma ya kochi. Akagonga tena. Akaita jina la utani aliloniita zamani. Akagonga kwa kiganja, polepole, muda mrefu, kama mtu anayejua kwamba nimo ndani. Nikatulia hadi wakaondoka.

Lakini nikiwa pale chini nilisikia kitu. Ule mlio! Du, du, du, mzito, umejaa! Nikatoka, nikaugonga mwenyewe. Mlango wa mbele ni mbao ngumu tupu, nene, hauna hata karatasi moja ndani. Nao kusema kweli hautumiki sana, maana hakuna anayeingia.

Kesho asubuhi naung'oa.